Kwa Nini "Zima, Halafu Washa" Huponya Kompyuta

Msomaji mmoja, mhasibu wa Arusha, ananiuliza swali ambalo nadhani kila mfanyakazi wa ofisi amewahi kujiuliza. Kila akimpigia simu fundi wa IT, jibu ni lile lile hata kabla hajamaliza kueleza shida: "Umeizima ukaiwasha?" Anataka kujua kama hawa vijana wana ujuzi kweli au wanamfukuza tu kwa adabu.

Wana ujuzi. Na sababu ya ushauri wao ni mojawapo ya mambo matamu kabisa katika sayansi ya kompyuta.

Mashine ikikaa inawaka muda mrefu, mikwamo hujikusanya ndani yake. Programu hukopa kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi, ikasahau kuirudisha. Nyingine mbili hukaa zikingojana, kila moja imeshikilia anachokitaka mwenzake. Yote hayo hufutika mashine ikianza upya. Ninachotaka tukitazame kwa karibu ni kihesabio.

Ndani ya kompyuta kuna kihesabio kinachoanza na sifuri mashine inapowashwa, kisha kinahesabu kila sehemu ya elfu moja ya sekunde. Programu hukitazama saa zote. Inayotaka kusubiri sekunde tano husoma namba iliyopo, inaongeza 5,000, halafu inangoja namba hiyo ifike. Tatizo ni kwamba kihesabio kina idadi maalumu ya nafasi za tarakimu, na nafasi zikijaa kinarudi kwenye sifuri.

Chukua daladala kuukuu ambayo dashibodi yake ina nafasi tano tu za kilometa. Ikifika 99,999, kilometa inayofuata inasomeka 00000. Tajiri ameagiza oili ibadilishwe kila kilometa 5,000. Mara ya mwisho ilibadilishwa kwenye 97,000, basi dereva akaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo: "Oili, 102,000." Ni dereva mwangalifu, kila asubuhi anasoma dashibodi. Anaona 98,000, anaona 99,500, kisha siku moja anaona 00040. Analinganisha na karatasi yake: bado sana. Inafika 02000, siku ambayo oili ilipaswa kumwagwa, bado sana. Anaendelea kungoja 102,000, namba ambayo dashibodi ile haiwezi kuionyesha hata gari likizunguka Tanzania nzima. Injini inakufa, na ukimuuliza dereva, hesabu zake zote ni sahihi. Gari halikuwa na hitilafu, naye hakuzembea. Namba tu zilikuwa zimekwisha.

Sasa rudi kwenye kompyuta. Kihesabio cha biti 32, yaani chenye nafasi 32 za sifuri au moja, kina mwisho wake: 4,294,967,295. Siku moja ina sehemu za elfu za sekunde 86,400,000. Gawanya, unapata siku 49.7. Kompyuta za Windows 95 na Windows 98 zilizoachwa zikiwaka mfululizo kwa muda huo ziliganda, na Microsoft ilikuja kutoa marekebisho mwaka 1999.

Siku hizo hizo 49.7 zilijitokeza mahali pabaya zaidi tarehe 14 Septemba 2004. Kituo cha kuongoza ndege cha Palmdale, kusini mwa California, kilipoteza mawasiliano ya redio na mamia ya ndege kwa zaidi ya saa tatu. Utaratibu ulikuwa kwamba mafundi wauanzishe upya mtambo wa redio kila siku 30. Safari hiyo hilo halikufanyika, kihesabio kikafika mwisho, mtambo ukajizima, na ule wa akiba nao ukashindwa. Hakuna ndege iliyoanguka.

Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliamuru ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wote angalau kila baada ya siku 120. Ilikuwa imegundulika kwamba zikikaa na umeme siku 248 mfululizo, vidhibiti vya jenereta zake vinaweza kujizima vyote kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Hesabu sehemu za mia za sekunde hadi 2,147,483,647, nusu ya mwisho ule wa biti 32, utafika siku 248 na nusu. Agizo la fundi wako kwa kompyuta ndilo lililokuwa agizo la serikali kwa ndege.

Mhasibu wangu atasema: lakini mimi huizima kila jioni! Hapa ndipo mafundi wanapopata tabu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha CPU, utazame chini ya mchoro palipoandikwa "Up time". Fundi anakuta siku 23, na mwenye mashine anaapa aliizima jana. Wote wawili wanasema kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye kompyuta nyingi Shut down hufunga programu zako, lakini kiini cha Windows yenyewe huandikwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi kama kilivyokuwa, ili mashine iwahi kuwaka. Kihesabio hakirudi kwenye sifuri, na mikwamo mingine inarudi pamoja na kiini hicho. Restart haifanyi hivyo. Inaanza na sifuri. Ndiyo maana fundi hubofya neno hilo moja, na printa iliyogoma wiki nzima inatema karatasi mbele ya ofisi yote.

Basi, ndugu yangu wa Arusha, kabla ya kupiga simu hifadhi kazi zako, kisha chagua Restart, usichague Shut down. Shida ikibaki, mwambie fundi kwamba umefanya hivyo na umwambie siku ulizoziona kwenye "Up time". Utakuwa umempunguzia nusu ya kazi.