Pesa Imesoma? Somo la Uongozi Kutoka Kaunta ya Agroveti Turbo

Mwaka niliomaliza chuo, kabla sijapata kazi ya ofisini, nilikaa miezi saba nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo pale Turbo. Nilikuwa na digrii ya masoko na koti la kijani lililonuka dawa ya kupe. Kama umewahi kupita barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Webuye na Malaba, Turbo unaijua: malori ya kwenda Uganda, bodaboda kila kona, na maduka ya kilimo yamepangana. Uasin Gishu ni kaunti ya mahindi. Mvua ya Machi ikianza kunukia, kila mtu anataka mbegu leo, si kesho.

Dukani tulikuwa wafanyakazi watatu. Till ilikuwa moja. Na simu iliyopokea meseji za hiyo till ilikuwa moja pia, ndani ya mkoba wa bosi wetu, ambaye sote tulimwita Mama. Shida ni kwamba Mama mara nyingi hakuwa dukani. Alikuwa Eldoret kwa wauzaji wa jumla, au shambani, au kanisani.

Kwa hivyo siku yetu ilikuwa hivi. Mzee anaingia, anachukua pakiti nne za mbegu ya H614 na mfuko wa mbolea, analipa kwa simu.

"Msichana, nimelipa. Hebu angalia."

"Sawa baba, ngoja kidogo nimuulize Mama kama imesoma."

Napiga. Simu ya Mama inatumika. Napiga tena, hashiki. Bodaboda wa mzee anapiga honi huko nje. Laini inazidi kuwa ndefu. Mzee ananiangalia, anaangalia mbolea yake, kisha anauliza: "Kwani hapa nyinyi mnafanya kazi gani, kama hamjui nani amelipa?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo nimelibeba mpaka leo, na ndilo nataka tuliongee, hasa kama una biashara na umeandika watu, hata kama ni mmoja tu.

Meseji iliyotugharimu mtu

Asubuhi moja ya Aprili, duka likiwa limejaa, mteja alimwonyesha mwenzetu meseji ya malipo kwenye simu yake. Shilingi 8,400. Jina la duka liko, namba ya muamala iko, saa iko. Simu ya Mama ilikuwa imezima chaji. Watu walikuwa wanapiga kelele. Mwenzetu akaamua, akatoa mzigo.

Jioni Mama akawasha simu. Hakukuwa na malipo yoyote ya 8,400. Meseji ilikuwa feki.

Hatukukaa chini kuliongelea. Mama alisema tu kwamba pesa hiyo itakatwa kwenye mshahara, 2,800 kila mwezi, miezi mitatu. Mwenzetu hakubishana. Mwisho wa mwezi alipokea kilichobaki, akakunja koti lake vizuri, akatuambia Mungu atubariki, akaenda.

Alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Alijua shamba la nani linahitaji chokaa, nani hulipa baada ya pesa ya maziwa kuingia, na ng'ombe wa nani alikuwa na homa juzi. Baada ya wiki moja alikuwa kaunta ya duka lingine, ng'ambo ya barabara. Wateja walikuwa wanatusalimu vizuri sana, halafu wanavuka.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mama alipoteza mali ya 8,400. Kisha, akijaribu kurudisha 8,400, akapoteza mtu aliyemletea wateja kwa miaka sita, tena katikati ya msimu wa kupanda.

Tulipoanza kuficha

Hiyo ilikuwa hasara ambayo Mama aliiona. Nyingine hakuiona.

Baada ya tukio lile, sisi tuliobaki tulianza kuficha makosa. Mara mbili nilipata upungufu wa shilingi 350 kwenye hesabu, ile sisi huita shoti, nikaijaza kutoka mfukoni mwangu ili nisiseme. Mwenzangu naye alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kumbe shoti zetu zote zilikuwa zinatokea saa ya chakula cha mchana, mtu mmoja anapobaki akipokea noti, akirudisha chenji na kupigia Mama simu, yote kwa wakati mmoja. Dawa yake ilikuwa rahisi: watu wawili wabaki kaunta saa hiyo. Lakini Mama angejuaje, wakati kila jioni hesabu ilikuwa inaonekana safi?

Jambo hili si la Turbo peke yake. Profesa Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya utoaji wa dawa hospitalini, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1996. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kusema. Kwenye timu za uoga, makosa yalikuwepo lakini yalinyamaziwa.

Kwa hivyo kama wewe ni bosi na hujawahi kusikia kosa hata moja kwa miezi sita, usifurahi haraka.

"Kwani mnafanya kazi kama vipofu?"

Mwezi wa Mei Mama aliniita. Akaniambia, "Wewe si ulisomea mambo ya masoko? Nitengenezee bango la kurudisha wateja."

Nilijikaza. Nikamwambia, "Mama, naomba nikuambie ukweli. Shida si bango." Nikamweleza kuhusu zile 350. Nikamweleza kuhusu kupiga simu mara ishirini kwa siku. Nilijua huenda ananifuta kazi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwani mnafanya kazi kama vipofu?"

Ndiyo, Mama. Tulikuwa tunadaiwa hesabu ya pesa ambayo hatukuruhusiwa kuiona.

Nampa heshima yake, kwa sababu hakungoja. Wiki ile ile mambo yalianza kubadilika. Alimtumia mwenzetu aliyeondoka ile 2,800 ya kwanza aliyokuwa amemkata, na akampigia kumwomba msamaha. Yule dada hakurudi, alishapata kazi. Lakini tangu siku hiyo walianza kusalimiana barabarani.

Mambo matano tuliyobadilisha, na wewe unaweza

*1. Anayehudumu aone malipo yakiingia.* Mama alinunua simu ndogo ya kukaa kaunta, na namba yake ikaunganishwa na till ili meseji za malipo zifike hapo pia. Huduma nyingi za malipo ya biashara leo zinakuruhusu kuongeza wasaidizi. Uliza mtoa huduma wako jinsi ya kufanya hivyo.

Najua unachoogopa: "Si wataniibia?" Elewa tofauti hii: kuona pesa si kutoa pesa. Msaidizi anaweza kupewa ruhusa ya kuona malipo tu, wakati uwezo wa kutoa pesa unabaki kwako. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata ndugu. Na meseji iliyo kwenye simu ya mteja si uthibitisho. Uthibitisho ni ile iliyoingia kwenye simu ya biashara yako.

*2. Fungeni hesabu pamoja, kila jioni.* Dakika kumi na tano zinatosha. Noti zinahesabiwa, malipo ya simu yanalinganishwa na daftari, mtu wa kaunta na bosi wote wanaweka sahihi. Siku ambazo Mama alikuwa mbali, tulimpigia tukamsomea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na daftari linalosomwa na mtu mmoja halimsaidii mwingine.

*3. Kubalianeni kuhusu hasara kabla haijatokea.* Mtandao ukipotea tunafanya nini? Nani anaamua kutoa mzigo? Sisi tuliandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: malipo yasipoonekana kwenye simu ya kaunta, mzigo hautoki, na mteja anaombwa radhi na kupewa kiti. Hapo hata mteja akipiga kelele, mfanyakazi ana kitu cha kuonyesha.

Kuhusu kukata mshahara, ujue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina mipaka. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Kinaruhusu pia kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu, lakini kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Tena makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kukata tu kwa sababu umekasirika hakumo.

*4. Mshahara uwe na tarehe na maelezo.* Zamani Mama alitulipa akipata nafasi, noti mkononi, mara tarehe 2, mara tarehe 9. Ukiomba advansi, baadaye hakuna anayekumbuka ilikuwa ngapi. Alipoanza kulipa kwa simu tarehe moja kila mwezi, kumbukumbu ikawa kwake na kwetu. Na pamoja na malipo, tulipata karatasi ya maelezo: mshahara kamili, makato, kinachobaki.

Maelezo hayo ya maandishi yanatakiwa na sheria hiyo hiyo, kifungu cha 20. Siku hizi mfanyakazi ana haki ya kuona yanakoenda makato yake: SHIF asilimia 2.75 ya mshahara kamili, iliyoanza Oktoba 2024, ada ya nyumba asilimia 1.5, ambayo mwajiri naye huongeza 1.5 yake, na NSSF. Mtu akiona mshahara umepungua bila kuelezwa, kitu cha kwanza atakachofikiria ni kwamba bosi amemla.

*5. Jumatatu, sikiliza kwanza.* Kabla ya kufungua, tulikaa dakika kumi kwenye magunia. Sheria ya Mama ilikuwa moja: yeye anaongea mwisho. Ndani ya wiki ya pili, mdogo wetu kabisa dukani alisema kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakulima wengi hupeleka maziwa alfajiri na kupita hapo saa moja asubuhi, sisi bado tumefunga. Tukaanza kufungua saa kumi na mbili na nusu. Hilo bango sikulitengeneza kamwe.

Hata pesa za simu tunazotumia leo zilisaidiwa na tabia hii ya kusikiliza. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005, lengo lilikuwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Wasimamizi wa mradi wakaona watu wanaitumia kwa mambo mengine, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Hawakuwakaripia watumiaji kwamba wanakosea. Walibadilisha mpango, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo ilikuwa habari kubwa.

Na kama wewe ndiye uliyeandikwa?

Labda unasoma hii ukiwa nyuma ya kaunta ya mtu. Una nafasi yako pia.

Usimwombe bosi PIN. Mwombe ruhusa ya kuona malipo, na umweleze tofauti. Ukipata shoti, iseme siku hiyo hiyo. Ikilala inageuka kuwa wizi machoni pa watu. Omba maelezo ya mshahara kwa maandishi, kwa upole, na uyahifadhi. Usifute meseji zako za malipo ya mshahara, kwa sababu siku ukienda kuomba mkopo ndizo zitakazokuongelea. Na ukiwa na neno gumu la kumwambia bosi, chagua wakati ametulia na uende na mfano mmoja halisi. Mimi nilienda na shilingi 350.

Usiku wa leo

Niliondoka Turbo mwezi wa Septemba, mahindi yakianza kukauka. Wiki yangu ya mwisho, yule mzee wa mbegu alirudi kununua dawa ya ng'ombe. Akalipa kwa simu, akaegemea kaunta akijiandaa kungoja kama kawaida. Simu ndogo ikalia kabla hajakaa sawa.

"Imesoma, baba. Asante."

Akacheka. "Siku hizi mnajua kazi."

Tulikuwa watu wale wale. Kilichoongezeka kaunta kilikuwa simu moja ndogo, na bosi aliyekubali tuione pesa tunayoishika.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla ya kufunga duka, saluni, gereji au kibanda chako, muulize mtu unayefanya naye kazi swali moja: "Ni kitu gani nakudai hapa, na huwezi kukiona?" Kisha nyamaza, umpe muda ajibu.