Simu ya mzazi, somo la mtoto: Kiswahili na mitandao ya kijamii mjini Kigali

Mwanafunzi wa Kigali anayejifunza Kiswahili hukutana mapema na kikwazo ambacho ubao na chaki haviwezi kukiondoa. Kinyarwanda hakitofautishi maneno kwa sauti za r na l kama Kiswahili kifanyavyo, hivyo kula na kura huweza kumfikia masikioni kama neno moja. Aliyekusudia kuuliza mahali pa kulipia karo husikika akiulizia mahari, na darasa zima huangua kicheko.

Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kwa kusikia na kusema. Lakini katika kipindi cha dakika 40, darasani wakiwa wanafunzi wengi, ni wachache wanaopata nafasi ya kufungua kinywa, nao huwa ni wale wale wasioona haya.

Hapo ndipo mitandao ya kijamii inapoweza kumfaa mwalimu. WhatsApp haikubuniwa kwa ajili ya shule, ila ujumbe wake wa sauti unafanya kazi ambayo kitabu hakiwezi. Mwalimu hurekodi jozi za maneno, mwanafunzi husikiliza mara tatu au nne, hurekodi sauti yake mwenyewe, kisha humtumia mwalimu peke yake badala ya kundi zima. Anayeona haya mbele ya wenzake hupata naye zamu ya kusema. Gharama pia ni nafuu: dakika moja ya sauti huhitaji kilobaiti mia moja na kitu, ilhali dakika moja ya video huhesabiwa kwa megabaiti.

Simu ni ya nani?

Swali gumu zaidi ni la chombo chenyewe. Rwanda ilipofunga shule Machi 16, 2020, siku mbili baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 nchini, masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na jukwaa la mtandaoni la Bodi ya Elimu. Shule zilianza kufunguliwa kwa awamu mwezi Novemba. Katika miezi hiyo, nyumba yenye simu moja ya kisasa na watoto watatu ililazimika kuchagua nani asome, tena baada ya mzazi kurudi kutoka kazini na simu yake. Redio, chombo kikongwe tunachokidharau, iliwafundisha wote watatu kwa wakati mmoja. Ilichokosa ni uwezo wa kumsikia mwanafunzi akijibu.

Kwa sababu hiyo, mwalimu anayetoa zoezi kupitia simu pekee huwapima wazazi kabla ya kuwapima watoto. Zoezi la aina hiyo lisitolewe alama kabla ya kuhakikisha kwamba asiye na simu anaweza kulifanya kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kurekodi kwenye kompyuta ya shule. Shule kadhaa zina kompyuta tangu mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto ulioanza mwaka 2008, na nyingine zimepata vyumba vya kompyuta baadaye. Mwalimu anaweza pia kusikilizisha rekodi darasani kwa spika ndogo.

Kuna na suala la faragha. Sauti ya mtoto ni taarifa zake binafsi. Sheria Na. 058/2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Mzazi ana haki ya kuuliza ni nani waliomo kwenye kundi la darasa, na rekodi zitafutwa lini.

Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini mwaka 2017, lakini mafunzo mengi ya kidijitali yanayowafikia wanafunzi wetu yako kwa Kiingereza. Wakati huohuo, katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo wapo wazee waliokua na Kiswahili nyumbani na sokoni. Mwalimu akipata idhini yao, dakika mbili za hadithi iliyorekodiwa barazani zinatosha kwa somo la juma zima: Jumatatu wanafunzi wasikilize, Jumatano wasimulie kwa sauti zao, na Ijumaa mzee mwenyewe atumiwe majibu yao ayasikilize.