Seli Shina na Mtoaji Asiye Jamaa
Mgonjwa wa saratani ya damu huweza kuponywa kwa seli shina za mtu mwingine, mradi alama za kinga za miili yao zilingane. Kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano huo ni 1 kwa 4 tu. Ndipo hutafutwa mtoaji asiye jamaa. Daftari la kwanza la watoaji hao lilianzishwa London mwaka 1974 na Shirley Nolan, ambaye mwanawe Anthony alifariki mwaka 1979 bila kupata wa kulingana naye. Aliyejiandikisha akiitwa, kwa kawaida seli huchujwa kutoka damu ya mkononi, na mwili huzifidia. Wenye asili ya Afrika ndio wanaokosa zaidi: alama zao ni za namna nyingi, na waliojiandikisha ni wachache.