Kutoka Bujumbura hadi Ngome Kongwe: kwa nini mwaliko wa tamasha hautoshi

Kwa kawaida, ifikapo Februari, Ngome Kongwe ya mjini Zanzibar hugeuka uwanja wa tamasha la Sauti za Busara. Tangu lilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, tamasha hilo limekuwa miongoni mwa majukwaa yanayotamaniwa sana na wanamuziki wa Afrika Mashariki, Warundi wakiwemo. Hata hivyo, kwa kikundi kinachotoka Bujumbura, Gitega au Rumonge, barua ya mwaliko ni mwanzo tu wa kazi. Yanayoamua iwapo kikundi kitapanda jukwaani ni mambo ambayo msikilizaji hayasikii kamwe: pasipoti, chanjo, forodha, uzito wa mizigo na nauli.

Kila mpigaji ana nauli yake

Sauti za Busara hushikilia kanuni kwamba muziki wote upigwe moja kwa moja jukwaani. Msanii hawezi kuja na muziki uliokwisha kurekodiwa kisha akaimba juu yake. Kanuni hiyo imelipa tamasha heshima yake, lakini ina gharama. Mwimbaji anayetegemea muziki wa kurekodiwa angeweza kusafiri na msaidizi mmoja. Bendi yenye magitaa, kinanda, ngoma na waitikiaji ni watu saba au wanane. Kikundi cha ngoma za Kirundi kinahitaji wengi zaidi, kwa kuwa ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka ile ya katikati, na wapigaji hupokezana kuicheza. Kuwaacha wanne nyumbani ili kupunguza nauli si kupunguza msafara tu. Ni kubadili muziki wenyewe.

Katika matamasha mengi, waandaaji hugharamia malazi, chakula na usafiri wa ndani ya mji, ilhali nauli ya kufika nchini huachiwa kikundi au mfadhili wake. Waandaaji nao hutegemea wafadhili. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea mwaka uliofuata.

Hali ni tofauti katika JAMAFEST, tamasha la utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki ambalo Dar es Salaam ililipokea mwaka 2019 na Bujumbura mwaka 2022. Huko wasanii huenda wakiwa ujumbe wa nchi, na serikali ndizo zinazobeba mzigo wa safari. Kikundi kinachoalikwa na tamasha lisilo la serikali hakina mgongo huo wa kuegemea.

Angani au barabarani

Nauli za ndege kati ya miji ya Afrika zingali ghali. Mawaziri wa Afrika walikubaliana mjini Yamoussoukro mwaka 1999 kufungua anga, na mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, lakini utekelezaji unakwenda polepole. Zaidi ya nauli, kuna mizigo. Mashirika mengi huruhusu begi la kilo 23 kwa abiria wa daraja la kawaida, na ngoma kubwa iliyochongwa katika gogo moja huweza kuzidi kiasi hicho peke yake.

Ndiyo maana vikundi vingi huitazama barabara. Kutoka Bujumbura, njia hupita mpaka wa Kobero na Kabanga, kisha Ngara, Kahama, Singida na Dodoma. Ni zaidi ya kilomita 1,400 hadi Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024, kipande cha kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kinaweza kusafiriwa kwa treni ya reli ya kisasa. Wenye ngoma nyingi, hata hivyo, huona afadhali kukodi basi moja kwa safari yote kuliko kupakia na kupakua vyombo mara kwa mara. Kutoka Dar es Salaam, boti ziendazo kasi hufika bandari ya Malindi, Zanzibar, kwa takriban saa mbili.

Hati na ala

Raia wa Burundi hahitaji viza kuingia Tanzania. Lakini kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi ya malipo, na onyesho la kulipwa ni kazi. Kikundi huhitaji kibali cha muda, ambacho aghalabu mwenyeji ndiye anayekiombea, akitumia majina yaleyale yaliyoandikwa katika pasipoti. Herufi moja inayotofautiana yatosha kumchelewesha mpigaji mmoja mpakani, na wenzake wote pamoja naye.

Jambo linalosahaulika ni kwamba utamaduni si suala la Muungano. Sanaa za Tanzania Bara husimamiwa na BASATA, na za Zanzibar na BASFU. Kikundi kinachotaka kupiga Dar es Salaam kabla ya kuvuka bahari ili kupunguza gharama hakiwezi kutegemea kwamba kibali cha upande mmoja kitatosha upande wa pili.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ina hesabu yake. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote. Anayechanjwa siku tatu kabla ya safari hufika mpakani na cheti ambacho bado hakina nguvu.

Kuhusu ala, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa kuingizwa kwa muda bila ushuru, kwa sharti kwamba vitoke tena ndani ya miezi 12. Afisa wa forodha anaweza kudai dhamana. Kinga bora ni orodha ya kila kitu yenye aina, idadi, thamani na namba za utambulisho za vifaa vya umeme, igongwe mhuri wakati wa kutoka Burundi. Bila mhuri huo, kinanda kilichonunuliwa Bujumbura miaka mitano iliyopita huweza kuonekana wakati wa kurudi kuwa kimenunuliwa ugenini. Ngoma za ngozi ya ng'ombe pia huweza kuzua maswali ya maafisa wa mifugo, hivyo ni busara kuulizia mapema.

Kikishafika pwani, kikundi kinahitaji nafasi ya kupumua. Hewa ya bahari hulegeza ngozi ya ngoma, na sauti iliyokuwa kali milimani hufifia. Wapigaji huhitaji jua la mchana mmoja ili kuikaza upya. Msafara unaowasili jioni ya onyesho hauna mchana huo.

Kinachopotea kikundi kisipofika

Historia inaonyesha uzito wa safari kama hizi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo zao. Santuri walizotoa zikaeneza taarabu ya Kiswahili pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walishiriki tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza, na tangu hapo ngoma za Kirundi zimekuwa na wasikilizaji wasiowahi kukanyaga Gitega. Katika safari zote mbili, waliosafiri walikuwa kikundi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi watu, kazi na huduma kuvuka mipaka kwa uhuru. Kwa mwanamuziki, ahadi hiyo hupimwa pale Kobero, alfajiri, basi likiwa limesimama na ngoma zimeteremshwa. Kikundi kilichoanza maandalizi miezi sita kabla hupita. Kilichosubiri hadi mwezi wa mwisho mara nyingi huishia kumtuma mwimbaji na mpiga gitaa, na wasikilizaji wa Ngome Kongwe wakaondoka wakiamini kwamba huo ndio muziki wa Burundi.