Neno "Juu": Kutoka Mahali Hadi Sababu

Kiswahili kina maneno mafupi ambayo msemaji huyatamka kila siku bila ya kuyatafakari. Mojawapo ni "juu". Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi maana za neno hili zinavyofuatana, na kwa nini mwalimu asahihishaye insha ya mwanafunzi wa Kasongo hana budi kuzifahamu.

Maana ya msingi ni ya mahali: kitabu kiko juu ya meza. Kutokana na hiyo hupatikana maana ya wajibu, kwani kilicho juu ya mtu humlemea: malezi ya watoto yako juu yako. Kiarabu nacho hutumia kihusishi chake cha "juu", yaani "ala", kwa deni na wajibu. Maana ya tatu ni ya mada: walizungumza juu ya mavuno. Aidha zipo nahau: kujua jambo juu juu ni kulijua bila ya kina, na aliyekuja juu amepandwa na hasira.

Kiswahili kilienea Kasongo na Kabambare katika karne ya 19 kwa misafara ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, hasa ile ya Tippu Tip. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo neno hili limepiga hatua ya nne, likawa la sababu. Mtu akiulizwa, "Unalia juu ya nini?", huulizwa chanzo cha kilio chake. Vilevile "nimekuja juu yako" ni "nimekuja kwa ajili yako". Hapana hasira hapo.

Hatua hiyo si ya kiholela. Tutazame sentensi hii: "Ndugu hao waligombana juu ya shamba." Shamba ni mada ya ugomvi na papo hapo ni chanzo chake. Hapo ndipo mada inapogeuka kuwa sababu. Hata Nairobi, katika mazungumzo ya vijana, "juu" husikika kwa maana ya "kwa sababu".

Basi mwalimu anayeyakata matumizi haya kwa wino mwekundu, akiyaita ujinga, humfundisha mtoto kuionea haya lugha ya mamaye. Lililo bora ni kumweleza kwamba katika Kiswahili sanifu huandikwa "kwa sababu ya" au "kwa ajili ya", na kwamba nyumbani kwao "juu ya" ni sahihi kwa kanuni zake.