Ultrasaundi ya Tumbo: Jinsi Picha Inavyosaidia Kutambua Magonjwa ya Ini na Kongosho

Wakazi wengi wa Turkana wanaifahamu ultrasaundi kama mashine ya akina mama wajawazito. Ndiyo maana mzee anayeumwa na tumbo, au kijana ambaye macho yake yamegeuka manjano, hushangaa anapoambiwa na daktari aende akapigwe picha hiyo hiyo. Mashine ni ileile, ila safari hii haitafuti mtoto. Inaangalia ini, kifuko cha nyongo na kongosho, viungo ambavyo huweza kuugua kwa muda mrefu kabla ya mwenyewe kuhisi lolote.

Katika kaunti hii kipimo hicho kina uzito wa pekee. Mkazi wa Lokichoggio husafiri takriban kilomita 200 kufika Lodwar. Akifika akiwa ameshakunywa chai ya maziwa asubuhi, huenda picha isionyeshe vizuri na akalazimika kurudi siku nyingine. Akichelewa mwaka mzima nyumbani, huenda ugonjwa uliokuwa wa kutibika kwa vidonge ukahitaji upasuaji. Kuelewa kipimo hiki kabla ya kupanda gari kunaokoa nauli, na pia kunaweza kuokoa maisha.

Mashine inavyofanya kazi

Ultrasaundi hutumia sauti. Sikio la binadamu husikia sauti isiyozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo hutoa sauti ya mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ambayo hatuwezi kuisikia. Sauti hiyo huingia mwilini, hugonga viungo na kurudi kama mwangwi. Kompyuta hupima mwangwi huo na kuuchora kwenye skrini papo hapo.

Maji hupitisha sauti bila kurudisha mwangwi, hivyo huonekana meusi. Nyama ya ini huonekana ya kijivu. Jiwe hung'aa kwa weupe na kuacha kivuli cheusi nyuma yake. Hewa huizuia sauti kabisa, na hiyo ndiyo sababu mgonjwa hupakwa mafuta mazito ya baridi kwenye ngozi, ili pasibaki hewa kati ya kifaa na mwili.

Mashine hii haitumii mionzi kama eksirei. Haiumi, haichomi sindano, na inaweza kurudiwa mara nyingi kwa mtoto, mzee au mama mjamzito bila madhara yanayojulikana.

Uwezo wa kutofautisha maji na nyama ndio ulioifanya ultrasaundi ijulikane duniani. Mwaka 1958, daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uingereza, walichapisha picha za uvimbe wa tumboni katika jarida la The Lancet. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Picha ilionyesha kuwa uvimbe wake ulikuwa kifuko cha maji cha ovari. Kilitolewa, naye akapona.

Kifuko cha maji kwenye ini

Hapa Turkana, tofauti hiyo ya maji na nyama ni jambo la kila siku. Kaunti hii imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani na ugonjwa wa hidatidi, unaosababishwa na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Tegu huyo ana urefu wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kushika kwenye manyoya, udongo, maji na vyombo. Mtu akiyameza, kiluwiluwi husafiri kwa damu na mara nyingi hutua kwenye ini, ambako hujenga kifuko cha maji. Kifuko hicho hukua polepole kwa miaka, wakati mwingine bila maumivu yoyote.

Miaka ya 1980, wataalamu walizunguka na mashine ndogo za ultrasaundi katika maboma ya wafugaji wa Turkana, wakiwapima watu waliojiona wazima. Walipata vifuko kwa watu ambao hawakuwa na dalili, na pia kwa watu ambao kipimo chao cha damu hakikuonyesha ugonjwa. Kazi hiyo ilisaidia kuonyesha dunia kwamba picha inaweza kutangulia maumivu.

Picha humwambia daktari zaidi ya kuwepo kwa kifuko. Kifuko kichanga huonekana kikiwa na maji safi na ukuta wa tabaka mbili. Kingine huwa kimejaa vifuko vidogo ndani yake. Kinachoanza kufa huonyesha utando uliobanduka ukielea kama kitambaa ndani ya maji. Kilichokufa huwa kigumu, chenye ganda la chokaa. Mwaka 2003, wataalamu wa kimataifa walio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) walichapisha mfumo mmoja wa kupanga hatua hizi, ili madaktari kila mahali wazungumze lugha moja.

Hatua ya kifuko ndiyo inayoongoza tiba. Vifuko vidogo vyenye uhai huweza kutibiwa kwa vidonge vya albendazole chini ya uangalizi wa daktari. Vingine hutolewa maji kwa sindano huku daktari akitazama skrini, kisha hutiwa dawa ya kuua vimelea. Vikubwa au vilivyo na vifuko vingi ndani huhitaji upasuaji. Vilivyokufa visivyosumbua mara nyingi huachwa na kuangaliwa kwa picha kila baada ya muda.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kifuko cha hidatidi kinaweza kudhaniwa kuwa jipu la ini. Kikitobolewa bila picha na bila maandalizi, au kikipasuka kwa kukandwa kwa nguvu, maji yake yanaweza kumwagika tumboni, kuzaa vifuko vipya na kusababisha mshtuko wa mzio unaoweza kuua. Uvimbe wowote wa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, usikandwe, usichanjwe wala usitobolewe kabla ya kuonekana kwenye picha.

Mambo mengine yanayoonekana kwenye ini

Ultrasaundi huonyesha pia jipu lenye usaha, mafuta yaliyojaa kwenye ini, maji yaliyokusanyika tumboni na uvimbe wa nyama unaoweza kuwa saratani. Ini lililojaa makovu baada ya miaka ya homa ya ini aina ya B au C, au ya pombe nyingi, huweza kuonekana limesinyaa na uso wake una mabonde na vilima.

Hata hivyo, homa ya ini yenyewe haigunduliwi kwa picha. Mtu anaweza kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B na ini lake likaonekana zuri kabisa kwenye skrini. Virusi hutambuliwa kwa kipimo cha damu. Kwa mgonjwa ambaye ini lake tayari lina makovu, WHO hushauri ultrasaundi na kipimo cha damu kila baada ya miezi 6, ili saratani ikianza igunduliwe ikiwa bado ndogo.

Nyongo na kongosho

Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita kwenye mfereji mwembamba hadi utumbo mdogo. Kwa kawaida mfereji mkuu hauzidi upana wa milimita 6 hivi kwa mtu mzima, ingawa huongezeka kidogo uzeeni. Mfereji ukiziba, nyongo hurudi kwenye damu: macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka na ngozi huwasha. Ultrasaundi huonyesha haraka iwapo mfereji umepanuka. Ukiwa umepanuka, tatizo huenda ni jiwe, kifuko cha hidatidi kilichopasukia mferejini, au uvimbe unaoubana. Usipopanuka, daktari huelekeza macho kwenye ini lenyewe na kwenye damu. Hizo ni tiba tofauti kabisa, na ndiyo maana umanjano wa macho hautibiwi kwa kukisia.

Kongosho liko nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo. Kazi yake ni kutoa maji ya kusaga chakula na insulini ya kurekebisha sukari. Linapovimba ghafla, maumivu makali hushika sehemu ya juu ya tumbo na kupenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Vyanzo vinavyoongoza ni mawe ya nyongo na pombe. Kipimo cha damu husaidia kuthibitisha ugonjwa, na ultrasaundi hutafuta mawe yaliyousababisha.

Kongosho ndicho kiungo kinachoisumbua zaidi mashine hii. Gesi ya tumboni na utumbo hulifunika, na wakati mwingine mkia wake hauonekani kabisa. Kwa hiyo ripoti inayosema kongosho halikuonekana vizuri haimaanishi kwamba kongosho ni zima. Mgonjwa anayeendelea kupungua uzito, mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha au kisukari kilichozuka ghafla ukubwani, anapaswa kurudi kwa daktari hata kama picha ilikuwa safi. Huenda akahitaji picha ya CT, ambayo haizuiwi na gesi.

Jinsi ya kujiandaa

• Mtu mzima asile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Miadi ya asubuhi hurahisisha jambo hili, kwani mgonjwa hulala bila kula.

• Maziwa na chai ya maziwa ni chakula. Mafuta yaliyomo hukaza kifuko cha nyongo, na kifuko kilichojikaza huficha mawe.

• Asivute sigara wala kutafuna tumbaku au chingamu asubuhi hiyo, kwani humfanya ameze hewa.

• Dawa za kila siku zimezwe kwa maji kidogo, isipokuwa daktari ameagiza vingine.

• Mwenye kisukari, mama mjamzito na mwenye mtoto mdogo waulize kwanza wafunge kwa muda gani. Wasijiamulie wenyewe.

• Mgonjwa aje na barua ya daktari, picha na ripoti za zamani. Kifuko hupimwa kwa milimita, na daktari hawezi kujua kama kimekua bila kipimo cha awali.

• Aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) aulize hospitalini mapema gharama inayolipiwa. Ambaye hajasajiliwa anaweza kuanza kwa kubonyeza *147# kwenye simu.

Maandalizi haya hayamhusu mgonjwa wa dharura. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye macho ya manjano pamoja na homa na kutetemeka, anayechanganyikiwa, au mwenye maumivu makali ya tumbo yasiyotulia apelekwe hospitalini mara moja, awe amekula au hajala.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

Hidatidi haiambukizwi na mtu kwa mtu, hivyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Mzunguko wake uko kati ya mbwa na mifugo: mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia hubeba vifuko, mbwa hula ini au mapafu yenye vifuko hivyo, na tegu huzaliana upya. Anayechinja azike au achome matumbo yenye vifuko, asiwatupie mbwa. Mbwa wapewe dawa ya minyoo ya praziquantel kwa ratiba ya afisa wa mifugo. Watoto wazuiwe kulambwa usoni na mbwa, na maji yakiwa machache, yatengwe kwanza ya kunawa mikono kabla ya kula.

Kwa homa ya ini aina ya B ipo chanjo. Kenya huwapa watoto wachanga chanjo hiyo wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya chanjo ya pamoja. Mtu mzima ambaye hajui hali yake aulize kuhusu kipimo cha damu.

Mkazi aliyeona uvimbe chini ya mbavu za kulia, umanjano wa macho, au maumivu ya tumbo la juu yanayorudi mara kwa mara, aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Huko ataandikiwa barua na kuelezwa ni hospitali gani yenye mashine na siku gani mtaalamu yupo. Aulize hayo kabla ya kuanza safari, na siku hiyo aje bila kula.