Pikipiki juu ya lori au tela: kwa nini kamba hulegea, na jinsi ya kuifunga ifike salama

Pikipiki ikinunuliwa Dar es Salaam na kupelekwa Chemba, Mpwapwa au Manyoni, mara nyingi haiendeshwi njia nzima. Hupakiwa kwenye Fuso, Kenta au tela, ikasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Dodoma. Baada ya hapo nyingine huendelea kwa barabara ya vumbi hadi kijijini. Hapa Makole tunajua kwamba kwa wasikilizaji wetu wengi pikipiki hiyo ni mkopo au fedha ya mavuno. Ikifika usukani umepinda na tangi limebonyea, deni linabaki palepale.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini mzigo huu hulegea njiani, na nini cha kufanya kabla lori halijaondoka.

Kamba hulegea bila fundo kufunguka

Gunia likifungwa hutulia. Pikipiki haitulii, kwa sababu imekaa juu ya shokapu. Ukiifunga shokapu zikiwa zimenyooka, lori likipita kwenye tuta pikipiki inadidimia. Kwa sekunde hiyo kamba inakuwa na urefu wa ziada, na ndoano inaweza kuchomoka. Tuta linalofuata linaikuta pikipiki haina kinachoishika.

Dawa yake ni kuzikandamiza shokapu za mbele kiasi cha nusu wakati wa kufunga. Mtu mmoja aulalie usukani, mwingine akaze kamba. Shokapu zikitaka kunyanyuka zitaivuta kamba, na kamba itabaki imekaza safari nzima. Usizikandamize hadi mwisho, kwani sili zake zinaweza kuanza kuvuja mafuta.

Nguvu inayotakiwa

Pikipiki nyingi za bodaboda, za cc 125 hadi 150, zina uzito wa kilo 110 hadi 130. Viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo barabarani hutaka mzigo uzuiwe kwa asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea nyuma na kila upande. Kwa pikipiki ya kilo 120, hiyo ni kilo 96 mbele na kilo 60 pembeni. Ndiyo maana mipira ya tyubu peke yake haitoshi. Mpira hunyumbulika, na dereva akishika breki ghafla pikipiki huondoka nao.

Mkanda wa kufungia mizigo wenye kikazio cha chuma ndio bora. Kama hakuna, tumia kamba nene ya manila, na weka kitambaa pale inapogusa ncha kali ya chuma. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, hivyo ihitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi.

Hatua za kufunga

1. Simamisha pikipiki katikati ya bodi, tairi la mbele likigusa ukuta wa mbele. Kwenye tela la ekseli moja, uzito uegemee kidogo mbele ya ekseli. Ukielemea nyuma, tela huanza kuyumba.

2. Zuia magurudumu yote mawili kwa mbao zilizopigiliwa au vigingi, mbele na nyuma ya kila tairi.

3. Pandisha stendi ya pembeni. Ukiiacha chini, kila mshtuko unaishia hapo, nayo inaweza kupinda au kung'oka ilipochomelewa kwenye fremu.

4. Funga kamba nne. Mbili za mbele zishike chini ya usukani, pale shokapu zinaposhikwa na fremu, zishuke kwa mshazari kuelekea mbele na nje, moja kila upande. Mbili za nyuma zishike fremu, zishuke kuelekea nyuma na nje. Usifunge kwenye vioo, indiketa, mikono ya breki na klachi, ekzosi wala spoki.

5. Weka gia ya kwanza, funga koki ya mafuta na punguza petroli kwenye tangi.

Sasa itikise. Pikipiki ikitikisika pamoja na bodi la lori, imefungwa. Ikitikisika peke yake, bado.

Isilazwe juu ya magunia

Ikilazwa, petroli huvuja kwenye kifuniko cha tangi, maji ya betri yanaweza kumwagika, na oili ya injini inaweza kuingia kwenye chujio la hewa. Ikibidi kabisa, toa petroli yote na ondoa betri. Ikifika, isimamishe kwanza, subiri, kagua oili, ndipo uiwashe. Na asikae mtu juu ya pikipiki ili kuishikilia. Ikianguka, inaanguka naye.

Njiani na wakati wa kukabidhi

Kamba mpya hujinyoosha mwanzoni. Mwombe dereva asimame baada ya kilomita 20 au 30 akaze upya. Anayetoka Dodoma kuelekea Morogoro anaweza kufanya hivyo akifika Chamwino. Akague tena kila anaposimama, na hasa lami inapoishia.

Kabla ya kuikabidhi, piga picha kwa simu: pande zote, kilomita kwenye dashibodi, namba ya chasisi na ya injini. Chukua risiti yenye namba ya gari na simu ya dereva. Mpe nakala ya kadi ya pikipiki, kadi halisi ibaki kwako.

Anayeipokea naye atumiwe picha hizo. Ailinganishe pikipiki na picha ikiwa bado juu ya gari, dereva akiwepo. Gari likishaondoka, ni vigumu kujua mkwaruzo umetoka wapi, na ni vigumu zaidi kumpata wa kuulipia.